Ndoo Arobaini na Moja na Somo la Kumi na Mbili

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, mtu aliingia ofisini kwetu.

Naomba msomaji usiipite haraka sentensi hiyo. Ofisi yetu ilikuwa na umri wa miaka sita. Ilikuwa na dirisha la huduma, kamba nyekundu ya kupangia foleni, viti kumi na viwili vya wateja ambavyo vilikuwa bado na nailoni za dukani, na kibao ukutani kilichosema TUNAJIVUNIA KUKUHUDUMIA. Katika miaka yote sita hakuna mteja aliyewahi kuvuka kizingiti. Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Makorongo, aliliandika jambo hilo kwenye taarifa ya kila mwaka chini ya kichwa "Mafanikio": hatujapokea lalamiko hata moja.

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Ni kwamba sheria inamtaka kila anayelitamka jina hilo awe amesimama wima, na mimi ninaandika nimekaa.

Ofisi inaitwa Forodha ya Maarifa. Kazi yake ni rahisi kueleza. Maarifa yanayoingia nchini kutoka nje, kwa waya au kwa hewa, ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na bidhaa sharti itangazwe, ipimwe, ikaguliwe na kugongwa muhuri kabla ya kutumika. Anayejifunza jambo mtandaoni akakaa kimya amefanya magendo ndani ya kichwa chake. Maarifa magumu, kama kutengeneza sabuni, kufuga kuku wa mayai na kurekebisha friji, yanapita bila kusimamishwa, kwa kuwa sabuni haijawahi kumuuliza mtu swali. Maarifa laini, yaani historia, falsafa, siasa, sheria, fasihi na mambo ya jamii, yamewekwa fungu moja na nguo za mitumba: hujui yalivaliwa na nani kabla yako.

Mimi, Sikudhani, nilikuwa karani wa muda wa dirishani. Nina shahada ya elimu ya jamii. Mwaka niliohitimu, Idara ya Historia ilifungwa kwa maelezo kwamba mambo yote ya historia yalikwisha kutokea. Idara ya Falsafa ilifungwa kwa sababu hakuna mhadhiri aliyeweza kuthibitisha kwamba ilikuwa wazi. Yetu haikufungwa, ilihamishiwa chini ya Kitengo cha Maegesho ya Magari. Nilikaa nyumbani miaka minne nikisubiri kazi, na nilipoipata hii niliipenda kwa moyo wote. Niliamini kwamba mtu mwema akiwekwa dirishani, dirisha linaweza kuwa mlango.

Basi Jumatatu hiyo niliposikia hodi, niliangusha kikombe cha chai.

Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, amejifunga kanga mbili, na nyusi zake zilikuwa nyeupe. Nilidhani ni uzee. Ulikuwa unga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutangaza."

"Kutangaza nini?"

"Nilichojifunza. Si ndivyo redio inavyosema kila siku baada ya taarifa ya habari? Mwananchi mwema hutangaza. Mimi ni mwananchi, na wema wangu waulize majirani. Basi nimekuja."

*

Aliitwa Bi Nyamizi. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka Mtaa wa Kokoto, ng'ambo ya reli.

Mtaa wa Kokoto una mgao wa umeme. Kila Jumamosi saa nne kamili mashine hunyamaza na foleni ya wanawake hubaki imesimama na mahindi yake. Kwa desturi ya pale hakuna anayesimama kwa miguu yake mwenyewe: unaweka ndoo yako chini, ndoo inakushikia nafasi, nawe unaendelea na shughuli zako. Asiye na ndoo huweka jiwe, au ndala. Hakuna anayeruka ndoo ya mwenzake, hata awe mke wa diwani.

Zaidi ya mwaka nyuma, siku mashine ilipokuwa kimya, Bi Nyamizi alitoa simu yake, akaitumbukiza ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, akafungulia somo la bure kutoka Chuo cha Hewani. Hicho ni chuo cha mtandaoni ambacho hakina geti, hakina ada na hakina mahafali. Mwanzoni walikusanyika watatu kwa ajili ya kivuli. Kisha wakawa arobaini na mmoja kwa ajili ya somo. Kwa hiyo, ukitazama kwa haki, Serikali yetu ndiyo iliyofadhili elimu ile, kwa kukata umeme bila kukosa.

"Tumemaliza historia ya miji," alisema Bi Nyamizi, akihesabu vidole. "Tumemaliza falsafa ya haki, sehemu ya kwanza na ya pili. Ya pili ilitushinda, tukairudia. Tumesoma ushairi, tumesoma mirathi, tumesoma kwa nini masoko hujengwa na kuungua. Sasa tuko kwenye Historia ya Utii. Ni masomo kumi na mawili. Tumefika la kumi na moja."

Nilijaza fomu nikisoma kila swali mara mbili, maana sikuwahi kuijaza.

"Bibi, swali la tisa. Je, maarifa haya yanaweza kumfanya mwombaji aulize swali? Ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

"Ukisema ndiyo unatakiwa ulitaje."

"Andika: nani alipanga kwamba maswali yatangazwe?"

Nafasi kwenye fomu ilikuwa ndogo, nikamalizia pembeni.

"Na unachoomba, Bibi?"

"Kibali cha Jumamosi. Saa nne umeme ukikatika, wale wanawake wasikie somo la kumi na mbili, la mwisho. Niliwaahidi, mwanangu. Wamesimama na mimi miezi yote hii. Siwezi kuwafikisha mlangoni nikawaacha hapo."

*

Mheshimiwa Makorongo aliposikia kuna mteja alikataa kuamini, kisha akavaa koti. Alimkaribisha Bi Nyamizi kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti, nailoni ikalia.

"Mama, unasema kozi hizi ni za bure?"

"Bure kabisa, Mheshimiwa."

"Hakuna ada?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyekuomba kura?"

"Hapana."

"Wala namba ya kitambulisho?"

"Hata jina hawakuniuliza."

Mkurugenzi alivua miwani, akaipangusa polepole kama mtu anayepangusa hali ya taifa. "Wahenga walisema rahisi ni ghali. Nyie wasomi, nisaidieni. Kama rahisi ni ghali, basi bure ni nini?" Alitutazama mimi na Bwana Hamdani, Afisa Vipimo. "Bure ni uhaini!"

Tulipiga makofi. Tulikuwa wawili tu, lakini tulijitahidi.

"Mbona hata mvua ni ya bure, Mheshimiwa," alisema Bi Nyamizi.

"Mvua ina wizara yake, Mama. Wewe rudi kesho upimwe."

Alirudi. Hilo ndilo lililotuchanganya zaidi. Mtu mwenye hatia angekimbia, na mtu asiye na hatia angekimbia zaidi.

*

Kanuni ya kumi na nne inasema uzito wa maarifa ni tofauti ya uzito wa mtu kabla na baada ya kujifunza. Bwana Hamdani, mtu mnene, mpole, mwenye kofia ya kazi ambayo hakuivua hata akila, alileta mizani ya magunia.

"Samahani, Bibi, panda hapa."

"Nivue ndala?"

"Vua. Ndala si maarifa."

Kadi yake ya kliniki, ya kabla ya kozi ya kwanza, ilisema kilo sabini na moja. Mizani ikasema sitini na tisa. Bwana Hamdani alipima mara tatu, mara ya tatu akiwa amefumba jicho moja.

"Mheshimiwa, hesabu inakataa. Amesoma kozi sita, amepungua kilo mbili."

Mkurugenzi alimzunguka Bi Nyamizi mara mbili, kama mtu anayetazama mbuzi mnadani. Kisha uso wake ukang'aa.

"Haikatai! Anayepakia mzigo, uzito hupanda. Huyu umeshuka. Maana yake nini? Anapakua! Huyu mama haingizi maarifa. Anayasambaza!"

Sina budi kukiri kwamba, kwa mara ya kwanza katika historia ya ofisi yetu, mizani ilikuwa imetoa jibu sahihi.

"Kilo mbili kwa wanawake arobaini na mmoja," alinong'ona Bwana Hamdani, akibonyeza kikokotoo. "Ni kama gramu hamsini kila mmoja."

"Gramu hamsini za falsafa!" alisema Mkurugenzi. "Na hatujui zimekaa sehemu gani ya mwili."

Karatasi ikaandikwa pale pale: Msambazaji wa Maarifa Laini Bila Leseni, ashikiliwe hadi uchunguzi ukamilike. Ikaletwa dirishani kwangu, kwa sababu hakuna karatasi inayokuwa kweli bila muhuri, na muhuri ulikuwa kwangu. Bi Nyamizi alinitazama. Nilijiambia kwamba amri si yangu, mimi ni mkono tu. Nikagonga.

Muhuri wetu una picha ya kitabu kilichofunguliwa.

*

Kwa kuwa kesi ilikuwa ya bidhaa, hakupelekwa rumande. Alipelekwa stoo ya vipimo, pembeni mwa jengo, yenye dirisha la wavu linalotazama barabarani, ambapo wanawake wa Kokoto walipita kila jioni kumsabahi na kusikia habari. Simu yake ilibaki kama kielelezo.

Jumatano asubuhi niliagizwa nisikilize somo la kumi na mbili kwa ajili ya ukaguzi na kuliandika kwa ukamilifu, nakala tatu: ya Mkurugenzi, ya jalada, na ya mwandishi. Nilivaa vifaa vya masikioni, nikabonyeza. Sauti ilipoanza nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa naijua. Ilikuwa ya mwalimu wangu wa mwaka wa pili, yule aliyeshauriwa kusafiri nje kwa ajili ya afya yake. Hakuwa mgonjwa wakati huo, lakini alielezwa kwamba angeugua.

Somo lilikuwa la dakika arobaini. Nililiandika lote, nikatia nukta ya mwisho, nikabaki nimekaa. Kikombe cha chai kilipoa mbele yangu na sikumbuki kama nilikinywa.

Alasiri simu ilipelekwa kupuliziwa dawa, kama taratibu za mitumba zinavyotaka. Bwana Hamdani alitumia dawa ya kunguni. Simu ikatoa mlio mdogo, ikazima, haikuwaka tena. Jioni hiyo redio ikatangaza kwamba hewa inayoleta Chuo cha Hewani imefungwa kwa matengenezo. Kwa hiyo, kufikia saa kumi na mbili, somo la kumi na mbili lilikuwa limebaki mahali patatu tu: kwenye kabati la Mkurugenzi, kwenye jalada, na ndani ya mkoba wangu.

Alhamisi, saa ya chakula, nilimpelekea Bi Nyamizi chapati na maharage. Tulizungumza kupitia wavu.

"Bibi, nimelisikia."

"La kumi na mbili?"

"Ndiyo. Linasema..."

"Nyamaza!" Aliinua kiganja. "Usiniambie. Wao wametangulia. Mimi niko nyuma ya foleni, nitasikia zamu yangu ikifika." Alitafuna kwanza, akameza. "Nami siwezi kwenda. Nani atawapa?"

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mwingine.

"Nitawapa mimi, Bibi. Jumamosi, saa nne."

"Lote? Usije ukakatisha kwa woga."

"Lote, mpaka swali la mwisho. Kisha nitakuja hapa."

"Haya," alisema. "Nimekuhesabu."

*

Mheshimiwa Makorongo naye hakulala. Siku hiyo hiyo alitoa amri mbili kuhusu Mtaa wa Kokoto. Ya kwanza: ni marufuku watu zaidi ya wanne kukusanyika penye mashine. Ya pili ilikuwa ya werevu wa hali ya juu, naye aliisoma kwa sauti akiwa amesimama.

"Wanasoma umeme ukikatika. Dawa ni nini? Tuwanyime kukatika! Kuanzia sasa Mtaa wa Kokoto upewe umeme saa ishirini na nne, bila huruma. Mashine ingurume mpaka wasisikie hata mawazo yao!"

Kwa miaka tisa mtaa ule ulikuwa umeandika barua, umetuma wajumbe, umekusanya saini. Sasa nguzo mpya zilisimikwa kwa siku moja.

Na Ijumaa ikaja barua yangu.

Ilikuwa kwenye bahasha ya kaki yenye nembo: ajira ya kudumu, Karani Mkaguzi Daraja la Pili, kwa kutambua ukamilifu wa ripoti yangu. Kiapo ni Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, mbele ya Waziri wa Utulivu wa Fikra. Asiyefika kwa wakati atahesabiwa kuwa amekataa, na aliyekataa haombi tena.

Mama yangu aliisoma ile barua mara nne. Akaenda kuwaonyesha majirani, akarudi, akaisoma ya tano. Jumamosi asubuhi alinipigia pasi blauzi nyeupe, kola ikasimama kama karatasi.

"Miaka minne, Sikudhani," alisema, akinifunga kifungo cha mkono kana kwamba ninaanza darasa la kwanza. "Mungu si Athumani. Nenda, usichelewe."

"Sitachelewa, Mama."

Nilitoka, nikafika njia panda. Kulia ni Ukumbi wa Taifa, penye kiapo. Kushoto ni reli, na ng'ambo ya reli mashine ilikuwa ikinguruma. Ningependa kuandika kwamba nilisita kwa muda mrefu, maana ingekuwa hadithi nzuri zaidi. Lakini nilikuwa nimeahidi saa nne, na ilikuwa saa nne kasorobo.

*

Penye mashine hapakuwa na mtu.

Kulikuwa na ndoo. Za bluu, nyekundu, njano, moja yenye mpini wa kamba, moja iliyozibwa ufa kwa lami. Zilikuwa zimepangwa kutoka mlangoni mpaka ukutani. Nilizihesabu: arobaini na moja. Na ndani ya kibanda, mashine ilikuwa ikinguruma bila kusaga chochote, umeme ukimiminika kama ulivyoamriwa.

Nilidhani wameogopa. Kisha mama mmoja, mkubwa wa mwili, mwenye kibandiko cha plasta kidoleni, akajitokeza nyuma ya mlango.

"Wewe ndiye binti wa dirishani?" alipaza sauti juu ya mngurumo. "Mimi Mama Kuruthumu, namshikia Bi Nyamizi mashine. Ni wewe uliyemgongea muhuri?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Na umekuja na blauzi nyeupe kwenye unga! Haya, wenzangu wameona amri. Watu wanne tu. Basi wameondoka, wameacha ndoo. Amri haikutaja ndoo. Sema nazo."

Hapo ndipo nilipotazama vizuri. Mwanamke alikuwa akianika nguo ile ile kwa mara ya tatu. Wengine walikuwa madirishani, wengine nyuma ya ukuta wa choo, wawili wakisukana nywele kizingitini mwa nyumba ya jirani. Mtaa mzima ulikuwa na shughuli, na kila shughuli ilikuwa imetega sikio.

"Lakini mashine," nilisema. "Hawatasikia."

Mama Kuruthumu aliitazama ile mashine, kisha nguzo mpya nje.

"Miaka tisa tumewaomba umeme, hawakuleta. Leo wameleta bila kuombwa," alisema. "Basi na sisi tunauzima bila kuombwa."

Akashusha swichi.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Mkanda ulizunguka, ukapunguza, ukasimama. Mtaa wa Kokoto, uliokuwa na umeme usio na mgao kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ulikuwa umeukata wenyewe, na saa ilikuwa nne kamili.

Nilitoa nakala ya mwandishi. Nikaanza kuziambia ndoo.

Mwalimu alisimulia mji mmoja ambao jina lake limepotea. Mfalme wake aliamuru kisima cha watu kizibwe. Mfalme hakubeba hata jiwe moja. Amri ilitoka kinywani mwake, karani akaiandika, mpiga mbiu akaitangaza, askari akaisindikiza, na wapagazi wakabeba mawe, nao walikuwa wakinywa maji ya kisima hicho hicho. Baada ya miaka mingi wakaulizwa, mmoja mmoja. Kila mmoja alisema: mimi nilikuwa mkono tu. "Sasa," mwalimu alisema, "hesabuni mikono. Halafu niambieni kama mfalme angeziba kisima kwa miwili yake."

Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa. Katikati, Bwana Hamdani alitokea kwenye kona na daftari, ametumwa kuhesabu watu.

"Wee Hamdani!" sauti ikatoka nyuma ya nguo zilizoanikwa. "Leo umekuja kupima ndoo?"

"Mwambieni avue ndala, ndala si maarifa!"

Kicheko kilizunguka kuta. Bwana Hamdani alitazama, akahesabu: mtu mmoja amesimama, mwingine mlangoni, ndoo arobaini na moja. Aliandika. Kisha hakuondoka.

Nilifika swali la mwisho, lile ambalo kwenye simu lilifuatwa na dakika nzima ya kimya, na mwalimu akisikika anakohoa peke yake huko aliko. Nililisoma: "Wiki hii, amri gani imepita mkononi mwako, na ilimfikia nani?"

Hakuna aliyejibu. Hata ndoo zilikuwa kimya. Nikajua ni kwa nini. Walikuwa wananingoja.

Nilikuwa nimesimama wima, kwa hiyo nililitamka jina la nchi yangu kwa mujibu wa sheria. Lilinitoka vizuri. Nikasema mimi ni raia wake, naitwa Sikudhani, na Jumanne nilipewa karatasi ya kumfungia Bi Nyamizi, nikaigonga muhuri. Nilisema mkono ulikuwa wangu.

Kisha, dirishani: "Mimi nilipeleka kwa mjumbe orodha ya nyumba zisizo na bendera. Nyumba ya shoga yangu niliiandika ya kwanza, nisionekane nampendelea."

Nyuma ya ukuta: "Mimi nilimkataza mwanangu kucheza na mtoto wa yule fundi aliyechukuliwa. Akaniuliza kosa la mtoto. Nikamtuma dukani."

"Mimi amri iliyopita kwangu ni ya mama mkwe," alisema mmoja wa wale waliokuwa wakisukana, "na haikumfikia mtu. Niliiziba pale pale!"

Tulicheka mpaka ikauma. Kicheko kilipokwisha, Bwana Hamdani alikuwa bado amesimama mwisho wa foleni.

"Mizani ilikuwa yangu," alisema. "Na dawa ya kunguni."

Alivua kofia ya kazi. Kichwa chake kilikuwa na upara, hatukuwahi kujua. Akaiweka kofia chini, nyuma ya ndoo ya mwisho, ikamshikia nafasi.

"Jumatatu," alisema Mama Kuruthumu, akijifunga kanga upya, "tunakwenda kutangaza. Wote. Sheria ni sheria. Si kuna viti vipya kule, na kamba? Ndoo zitangulie leo."

*

Saa sita unusu nilifika kwenye wavu wa stoo. Kola yangu ilikuwa imelala na mikono na nyusi zimejaa unga. Bi Nyamizi alinitazama nyusi, akatabasamu, hakuuliza kama nilikwenda.

"Umeme ulikuwepo?"

"Ulikuwepo, Bibi. Walizima."

Alicheka mpaka akashika wavu. "Walijibu lile swali?"

"Walijibu."

"Nani alianza?"

"Mimi."

Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama anayepokea debe lililojaa sawasawa.

Nyuma yangu wanawake walikuwa wakishusha ndoo mbele ya Forodha ya Maarifa, moja baada ya moja, kuanzia mlangoni, kando ya ukuta, mpaka barabarani. Mheshimiwa Makorongo alishuka kwenye gari akitokea kiaponi, koti mkononi, akaziona, akaniona.

"Wewe! Nafasi yako nimeshampa mpwa wangu, na amekula kiapo vizuri! Huna kazi hapa! Nani amekuruhusu kusimama dirishani?"

Nilijua Mama yuko nyumbani na ile bahasha, anangoja nirudi nimwambie Waziri alivaa nini. Ilinichoma. Bado inanichoma.

"Zamu yangu imefika?" aliuliza Bi Nyamizi.

"Imefika, Bibi."

"Nauliza nani amekuruhusu!"

"Mheshimiwa," nilisema bila kugeuka, "tafadhali panga foleni."

Nikaifungua nakala ya mwandishi ukurasa wa kwanza, nikaanza kusoma tangu mwanzo.